Mashine Haitagi Mayai

SOMO LA KUTOTOLESHA VIFARANGA NYUMBANI

Umekwisha jifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika somo hili utatumia yote matatu. Utasoma habari za kutotolesha mayai. Utaandika tarehe juu ya mayai. Tena utapiga hesabu kabla ya kutoa fedha yako. Chukua penseli. Katika kazi hii penseli ina faida kama jembe shambani.

Mfano wa mama mmoja

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaishi Mwembesongo, mjini Morogoro. Nyuma ya nyumba yake ana banda dogo la kuku. Ana matetea 8 na jogoo 1, wote wa kienyeji. Kwa muda mrefu amekuwa akiuza mchicha na matembele, na akiba anaiweka. Sasa akiba hiyo inatosha kununua mashine ndogo ya kutotolesha mayai 60.

Siku moja bibi yake, mzaa mama, alishuka kutoka Mgeta kuja kumtembelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, bibi. Nataka kununua mashine ya kutotolesha. Inachukua mayai 60 kwa mara moja."

"Vizuri. Mayai 60 utayatoa wapi?"

"Kwa kuku wangu, bibi."

"Wangapi wanataga sasa?"

Mama alifikiri kidogo. "Wanne. Wawili wanalea, na wawili bado hawajaanza."

"Basi hesabu kwanza, mjukuu wangu. Mashine haitagi."

Ndugu msomaji, bibi yule hakukataza mashine. Alitaka mjukuu wake apige hesabu. Na sisi tuipige pamoja.

Hesabu ya mayai

Tuseme kuku mmoja wa kienyeji, akiwa katika siku zake za kutaga, anataga mayai 4 kwa wiki.

Kuku 4 × mayai 4 = mayai 16 kwa wiki.

Mashine inataka mayai 60. Mama ana mayai 16 tu. Je, asubiri wiki nne mpaka yafike 60? Hapana. Yai la kutotoleshwa ni kitu chenye uhai, na uhai huo hupungua kila siku. Yai zuri ni la siku 7 au chini yake. Yai la siku 10 bado laweza kujaribiwa. Likizidi hapo, matumaini hupungua sana.

Kwa hiyo, ili kujaza mashine ya mayai 60 kwa wiki moja, zinahitajika kuku 15 wanaotaga kwa wakati mmoja:

60 ÷ 4 = 15.

Mama angenunua mashine, angewasha umeme siku 21 kwa ajili ya mayai 16. Kuku wawili tu wanaoatamia wangeweza kuyalalia mayai hayo bila umeme.

Hili ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: hesabu mayai kabla ya kuhesabu vifaranga.

Kuku anafanya kazi gani akiatamia?

Watu wengi wanadhani kuku amekaa tu. Sivyo. Kuku anayeatamia anafanya kazi nne.

1. Anatoa joto. Mwili wa kuku una joto la karibu nyuzi 41. Manyoya ya kifuani hupungua, ngozi ikagusa mayai.

2. Anageuza mayai. Mchana na usiku anayasogeza kwa mdomo wake. Asipoyageuza, kitoto kilicho ndani hunata kwenye ganda na kufa.

3. Anatunza unyevu. Yai likikauka mno, kifaranga hushindwa kutoka.

4. Anaruhusu hewa. Ganda la yai lina matundu madogo mno. Kifaranga hupata hewa kupitia matundu hayo. Kuku huondoka mara moja kwa siku kula, kunywa na kunya, kisha hurudi.

Siku 21 zikitimia, vifaranga hutoka.

Mashine haina ujuzi mpya. Inaiga kazi hizo nne. Na mashine si jambo la jana. Huko Misri, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, watu walitotolesha maelfu ya mayai katika matanuru makubwa ya matofali ya udongo. Hawakuwa na vipimajoto. Mfanyakazi alichukua yai, akaligusisha kwenye kope ya jicho, akajua kama joto linatosha au limezidi. Kazi ile ilirithiwa na watoto kutoka kwa baba zao. Jambo moja halijabadilika: lazima mtu awepo, na awe macho.

Kuchagua mayai

Yai la kuku wa mayai wa kisasa, lile la trei la dukani, kwa kawaida haliangui. Kuku wale hufugwa bila jogoo, kwa hiyo yai halina mbegu. Ni chakula tu.

Chagua mayai hivi:

1. Yatoke kwa matetea wanaokaa na jogoo. Jogoo mmoja anatosha matetea 10. Jogoo asiwe ndugu wa matetea hao. Badilishaneni majogoo na majirani wa mbali.

2. Yawe ya ukubwa wa wastani. Acha yai dogo mno, kubwa mno, la duara kama mpira au refu mno.

3. Ganda liwe zima. Gonganisha mayai mawili polepole. Sauti ikiwa ya kupasuka, tafuta lenye ufa uliache.

4. Yawe safi. Yai lenye kinyesi usilioshe na kuliatamisha. Maji huingiza uchafu katika yale matundu madogo. Ni bora kubadilisha majani ya kiota mara kwa mara ili mayai yasichafuke.

5. Weka mayai mahali penye ubaridi na kivuli, si juu ya bati wala karibu na jiko. Ncha nyembamba iangalie chini. Yageuze kidogo kila siku.

6. Juu ya kila yai andika kwa penseli tarehe lilipotagwa. Usitumie wino.

Mayai yakitoka mbali, kwa mfano yakiteremshwa kutoka Mgeta au Matombo kwa gari katika barabara mbovu, yapumzishe siku moja kabla ya kuyaweka kwa kuku au katika mashine. Mtikisiko wa safari huyadhuru.

Kuatamisha kuku watano kwa siku moja

Kuku mmoja wa kienyeji analalia vizuri mayai 10 hadi 12. Tuchukue 12.

Kuku 5 × mayai 12 = mayai 60.

Umeona? Kuku watano ni sawa na mashine moja ya mayai 60. Hawatumii umeme, na vifaranga wakitoka wana mama wa kuwafunika. Lakini kuku hawa ni lazima waanze siku moja, ili vifaranga wawe wa umri mmoja. Fanya hivi:

Kuku wa kwanza akianza kuatamia utamjua. Anakaa kiotani usiku na mchana. Ukimkaribia anajitutumua manyoya na kulia kwa hasira. Chukua mayai yake uyahifadhi. Muachie mayai mawili yaliyochemshwa, yenye alama ya X. Ataendelea kuatamia huku akiwangojea wenzake. Usimngojeshe zaidi ya wiki moja, maana kuku anayeatamia anakula kidogo na kukonda.

Wakati huo andaa viota. Kiota kiwe sanduku, tenga au chungu kikuukuu chenye upana wa sentimeta 30 hadi 35. Tia mchanga kidogo chini, kisha majani makavu. Kiweke mahali penye giza kidogo na utulivu, ambapo mbwa, kicheche, nyoka na kenge hawafiki. Kila kuku awe na kiota chake. Weka maji na chakula karibu.

Mkague kuku chini ya mbawa. Akiwa na chawa au utitiri, tibu kwanza kwa dawa ya unga anayokuelekeza mtaalamu wa mifugo. Kuku anayeumwa na wadudu atakimbia kiota, na mayai yatapoa.

Kazi ya kuweka mayai ifanyike jioni, giza likianza kuingia. Kuku hutulia usiku. Ondoa mayai yenye X, weka mayai yako mazuri 12. Andika tarehe katika daftari.

Kumulika mayai

Siku ya 7, usiku, chukua sanduku la karatasi ngumu. Toboa tundu dogo kuliko yai. Weka tochi ndani, au taa ya simu. Weka yai juu ya tundu, uangalie.

Ukiona mishipa myekundu kama miguu ya buibui, yai lina uhai. Lirudishe.

Ukiona yai ni jeupe lote, halina mbegu. Liondoe.

Ukiona mviringo wa damu bila mishipa, kitoto kimekufa. Liondoe. Yai la namna hiyo ndilo baadaye huwa viza, na likipasuka huchafua mayai yote.

Mayai yakipungua, wagawie kuku wanne yaliyobaki. Kuku wa tano atarudi kutaga mapema.

Mulika tena siku ya 14. Kuanzia siku ya 18 usiyaguse.

Kama una mashine

Sasa tuseme una kuku wengi, au ninyi ni kikundi. Mayai yanatosha. Mashine itawafaa. Lakini mashine haina akili ya kuku. Wewe ndiwe akili yake.

Iwashe siku moja nzima bila mayai, mpaka joto litulie.

Mashine yenye feni huwekwa nyuzi 37 na nusu. Mashine ndogo isiyo na feni hutaka nyuzi 38 hadi 39, zikipimwa usawa wa juu ya mayai. Soma karatasi ya maelekezo. Ndiyo maana ulijifunza kusoma!

Weka chombo cha maji ndani, na maji yasikauke. Siku tatu za mwisho ongeza upana wa chombo ili unyevu uzidi.

Kama mashine haigeuzi mayai yenyewe, geuza kwa mkono mara 3 au 5 kwa siku. Andika X upande mmoja wa yai na O upande wa pili. Asubuhi X ikiwa juu, mchana O iwe juu, jioni X. Kwa hesabu hiyo, yai halitalala upande uleule kila usiku. Nawa mikono kabla na baada ya kugusa mayai. Acha kugeuza siku ya 18.

Usizibe matundu ya hewa ya mashine.

Umeme ukikatika, usifungue mashine kuchungulia. Ifunike kwa blanketi, ukiacha nafasi ndogo ya hewa. Umeme ukichelewa, jaza maji ya moto katika chupa, zifunge kwa kitambaa, uziweke ndani pembeni ya mayai. Mayai yanaweza kuvumilia kupoa kwa saa chache. Joto likizidi ndiyo hatari kubwa. Nyuzi zikipita 40, vifaranga waweza kufa kwa muda mfupi. Kwa hiyo usiweke mashine juani wala chini ya bati lisilo na dari.

Miezi ya Juni na Julai baridi huingia Morogoro usiku, na kule juu Mgeta huzidi. Chumba chenye mashine kifungwe vizuri, moshi usiingie.

Siku ya 21

Kifaranga hutoboa ganda kwa mdomo wake, kisha hupumzika. Anaweza kukaa saa nyingi. Usimsaidie. Ukimbandua ganda kwa haraka atatoka damu na kufa.

Mwache akauke. Usiwe na wasiwasi kwamba ana njaa. Kabla ya kutoka yai, kifaranga huvuta kiini ndani ya tumbo lake. Kiini hicho humlisha kwa siku mbili hivi. Kisha mpe maji safi kwanza, halafu chakula cha vifaranga, au chenga za mahindi zilizochanganywa na dagaa waliosagwa.

Vifaranga wa mashine hawana mama. Wapatie joto kwa wiki tatu au nne. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35. Waangalie wenyewe watakueleza. Wakirundikana pamoja na kulia, wanasikia baridi. Wakikaa mbali na taa na kupanua midomo, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, joto linatosha.

Kuna njia nyingine nzuri. Siku ile unayoweka mayai katika mashine, atamisha na kuku wawili. Vifaranga wa mashine wakitoka, usiku uleule wapenyeze chini ya kuku hao pamoja na vifaranga wao. Kuku mmoja anaweza kulea vifaranga 15 au zaidi. Asubuhi chunguza. Akiwadonoa wageni, waondoe.

Kuzaliwa siyo kupona

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi tunapoteza. Tunafurahia vifaranga 45, na baada ya miezi mitatu tunabaki na 9. Wengine wamechukuliwa na mwewe. Wengine wamenyeshewa. Wengi wameuawa na kideri, ugonjwa ambao baadhi yetu tunauita mdondo.

Kideri hakina dawa ya kuponya. Kuna chanjo tu. Ipo chanjo inayostahimili joto, nayo hutengenezwa hapa hapa Tanzania. Huwekwa tone moja katika jicho la kuku. Kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miezi 3. Vifaranga nao huchanjwa. Muone ofisa mifugo wa kata yako, akupe mpango wa chanjo hiyo na nyingine. Hapa Morogoro tuna bahati: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, kinafundisha madaktari wa mifugo papa hapa. Usione haya kuuliza.

Wafungie vifaranga na mama yao katika tenga au banda kwa wiki nne. Kisha mtenge mama. Atarudi kutaga mapema. Kuku akilea miezi mitatu, hupata mizao miwili au mitatu kwa mwaka. Akitengwa baada ya wiki nne, anaweza kufikia minne.

Mama yule alifanyaje?

Turudi Mwembesongo. Mama alikwenda darasani na hesabu yake. Wenzake wanne wa darasa nao walikuwa na kuku. Wote watano walikubaliana. Kila mtu akaleta mayai 12 ya wiki hiyo, yenye tarehe na alama ya mwenyewe. Kila mtu akaatamisha kuku mmoja, jioni moja.

Siku ya 7 walimulika. Daftari lao lilisomeka hivi:

Mayai yaliyowekwa: 60
Yasiyo na mbegu: 8
Yaliyobaki: 52
Yaliyoshindwa kuangua: 7
Vifaranga: 45

Vifaranga 45 kati ya mayai 60 ni robo tatu. Siyo mbaya. Lakini siku ya chanjo ilipofika, hakuna aliyekwenda peke yake. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi, na ikifunguliwa na kuchanganywa haikai sana. Walichangia chupa moja, wakachanja kuku wote wa watu watano.

Fedha ya mama? Sehemu alinunua wavu na mabati ya banda. Sehemu ilibaki benki. Bibi aliporudi tena kutoka Mgeta, aliuliza:

"Mashine iko wapi?"

"Bado, bibi. Tumepatana kikundi. Tukifika kuku 15 wanaotaga, tutanunua moja ya wote."

Bibi akacheka. "Sasa umehesabu, mjukuu wangu."

MASWALI

1. Kazi nne za kuku anayeatamia ni zipi?
2. Kwa nini yai la trei la dukani haliangui?
3. Kwa nini tunaandika X na O juu ya yai?
4. Umeme ukikatika utafanya nini? Usichofanya ni nini?
5. Kuku wako wangapi wanataga wiki hii? Zidisha kwa 4. Je, mayai yatajaza mashine ya 60?

KAZI YA KIKUNDI

Chora jedwali katika daftari lenye safu hizi: tarehe ya kuweka mayai, idadi ya mayai, tarehe ya kumulika, yaliyoondolewa, tarehe ya kuangua, vifaranga, tarehe ya chanjo, waliobaki hai baada ya miezi 3.

Jazeni jedwali hilo kwa mzao mmoja. Kisha someni kwa sauti darasani safu ya mwisho. Hiyo ndiyo itakayowaambia kama mmefaulu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kuatamia: kuku kulalia mayai ili yaangue.
Kumulika: kuangalia ndani ya yai kwa mwanga.
Viza: yai lililoharibika bila kuangua.
Kideri: ugonjwa wa kuku unaoua haraka, kinga yake ni chanjo.